Jino Lililovunjika Kawe

Hosteli, Mabibo
Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili mpelekee Bibi kabla hujasoma mstari unaofuata, maana akisikia bahasha imefunguliwa yeye hajasalimiwa, kelele yake itanifikia hadi huku. Goti lake linaendeleaje? Na wewe kifua? Dada Zainabu aliniambia ulikuwa unakohoa wakati wa kupalilia mbaazi, halafu ukamkataza asiniambie. Ameniambia. Usimgombeze. Mie huku ni mzima, isipokuwa jino moja la mbele, na hilo jino ndilo lililonikalisha chini niandike.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu ya hapo nyumbani anaishika Mjomba Hamisi, na juzi nilipopiga sikupata hata nafasi ya kumaliza salamu. Alisema, "Somoe, hiyo video nimeiona. Nimeonyeshwa gengeni, mbele za watu. Mtoto wa dada yangu mdomo una damu, kavaa kaptula, anafokea wanaume! Mitihani ikiisha funga mzigo wako urudi Newala. Mpira basi." Kisha akakata. Barua haikatwi, ndiyo maana nimeichagua. Naomba umsomee yote, pole pole, na pale atakaposema "ruka hapo", usiruke.

Mama, hiyo video ni ya sekunde kumi. Aliyeirusha alianza kurekodi nikiwa nimeshasimama, na akazima kabla sijamaliza sentensi. Nyie mmeona sekunde kumi, mie nimecheza msimu mzima. Sasa ngoja nikupe huo msimu.

Timu yetu ya chuo ya mpira wa kikapu ya wanawake ina watu tisa. Timu nyingine zinakuja na watu kumi na wawili, wa kubadilishana wakichoka. Sie akichoka mtu anaambiwa apumue haraka. Nahodha wetu ni Tatu, mzaliwa wa Temeke, ukoo wao ni watu wa Dar tangu enzi na enzi. Ni mfupi, anacheza na hijabu yake na suruali ndefu ndani ya jezi, na ukimchukulia poa kwa huo ufupi unashangaa mpira umeshatoka mikononi mwako. Yuko Ester wa Musoma, mwanafunzi mwenzangu wa ualimu, tunalala chumba kimoja. Huyo hata akikuomba chumvi utadhani anagombana. Waliobaki wametoka Tanga, Bukoba, Songea, kila mtu na lafudhi yake, na mie wenu wa Newala ninayesimama chini ya kikapu kwa sababu ya urefu mlionipa.

Anayetufundisha ni Bi Chausiku, mkutubi wa chuo. Anakaa Bunju, alichezaga mwenyewe zamani, na mpaka leo akitembea kati ya makabati ya vitabu unaona anavyokanyaga kama mchezaji. Halipwi kwa kazi hii. Anafanya kwa sababu anapenda, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa ofisi ya michezo. Bwana anayeisimamia simtaji jina, sitaki kumpa heshima ya wino wangu. Wavulana aliwapa uwanja saa kumi jioni. Sie alitupa saa saba mchana, jua la Dar likiwa utosini, sakafu inachoma hadi kwenye soli. Tatu alimfuata ofisini, na mie nilikuwa nyuma yake.

"Baba, hata siku mbili tu kwa wiki mtupe jioni," Tatu alimwomba.

Yule bwana hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Nyie si mnafungwa tu? Mkianza kushinda njooni tuongee."

Na kweli tulikuwa tunafungwa. Sitakudanganya, Mama. Mechi nne za kwanza tulipoteza zote, moja tulifungwa mpaka mtangazaji akaacha kusoma matokeo. Baada ya ile ya nne likabandikwa tangazo ubaoni kwamba tukipoteza tena, timu ya wanawake itaondolewa kwenye mashindano ili chuo kisiendelee kuaibika. Tulisimama mbele ya lile tangazo kama watu wanaosoma majina ya marehemu. Bi Chausiku akaja, akavaa miwani, akalisoma mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Jumamosi mje kwangu Bunju," alisema. "Saa kumi na mbili asubuhi. Atakayechelewa akalale."

Usafiri tulipewa na mdogo wake Bi Chausiku, ambaye ana kirikuu, kigari kidogo cha kubebea nyanya na vitunguu hapa soko la Mabibo. Akishashusha mzigo alfajiri anatupakia nyuma kwenye matenga matupu, tunafika Bunju tunanuka kachumbari. Karibu na nyumba ya Bi Chausiku kuna shule ya msingi yenye uwanja wa saruji uliopasuka, na mlingoti mmoja tu wenye kikapu. Hapo ndipo alipotutengeneza. Alitukimbiza kwenye mchanga mpaka Ester akatapika, akanawa uso, akarudi kwenye mstari bila kuambiwa.

Siku moja akaniita pembeni. "Wewe, miguu hii umeipata wapi?"

Nikamwambia, "Kwetu, Bi Chausiku. Bomba likikauka tunateremka bondeni kuchota maji, halafu tunapanda na ndoo kichwani. Mama yangu alinianzisha na ndoo ndogo nikiwa sijaanza shule."

"Basi acha kuruka kama mtu anayeomba radhi," akasema. "Ruka kama mtu aliyepandisha hiyo ndoo."

Tangu siku hiyo, Mama, sijawahi kuruka vibaya.

Mechi ya tano ilichezwa Temeke, kwenye uwanja wa jirani na kwa akina Tatu. Bibi yake alikuja, na mashangazi zake watano, kanga zimefungwa viunoni, na ndoo ya maji ya ndimu kwa ajili yetu. Mpira wa kikapu walikuwa hawaujui hata kidogo. Walikuwa wanapiga vigelegele kila mtu akianguka, wetu au wa wenzetu. Tulishinda kwa pointi mbili. Baada ya mechi nilimsikia yule bibi akimuuliza Tatu, "Na yule mrefu pale, wa nani yule?"

Tatu akajibu, "Wetu."

Basi hivyo tu. Lakini nilikwenda nyuma ya kirikuu nikajifuta uso na jezi.

Baada ya hapo tulishinda na nyingine tatu mfululizo, tukaingia robo fainali. Hatukubandikiwa tangazo lolote la pongezi, lakini lile la kutufukuza liliondolewa kimya kimya.

Sasa Mama, hapa kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia, na nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa mtu. Kwenye haya mashindano kila mchezaji anajaza fomu, jina na anakotoka, na kabla ya mechi mtangazaji anasoma kwa kipaza sauti. Mwaka jana niliandika Temeke. Nilikuwa mgeni, na nilikuwa nimeshachoka kuulizwa darasani kama nyumbani tunakula panya, kama najua kuchonga vinyago, kama nimekuja Dar kwa miguu. Nikaona niandike Temeke, ingawa huko simjui mtu isipokuwa shemeji yake shangazi. Nilipoitwa uwanjani "Somoe, kutoka Temeke" niliona aibu iliyonikaa kifuani wiki nzima. Nilikukana, Mama. Wewe na Bibi na nyumba yetu. Nisamehe kwa hilo. Ni jambo pekee ninaloomba msamaha katika barua hii.

Mwaka huu nikaandika Newala. Nikaandika kwa herufi kubwa.

Robo fainali ilikuwa Kawe, dhidi ya chuo kimoja cha huko, na watu walijaa. Mtangazaji akasoma majina. Alipofika kwangu, "Somoe, kutoka Newala!", upande mmoja wa jukwaa wakacheka. Mwanaume mmoja wa shati la bluu akasimama akapiga kelele, "Mmakonde! Rudi kwenu ukachonge vinyago!" Wenzake wakapokea. Kila nikishika mpira, "Vinyago! Vinyago!" Robo ya kwanza yote, robo ya pili yote. Hakuna aliyewanyamazisha. Ester alitaka kupanda jukwaani, Tatu akamshika jezi. "Tulia sista, tuna ishu ya kumaliza hapa chini."

Robo ya tatu niliruka kuchukua mpira, na msichana wa timu yao akaruka pia, kiwiko chake kikanipiga mdomoni. Nilianguka chali. Nilipopitisha ulimi nikakuta nusu ya jino haipo. Damu ikaanza kumwagika kwenye jezi. Na hapo, Mama, nikiwa bado chini, yule wa shati la bluu akapaza sauti, "Mwacheni, Mmakonde haumwi huyo, ni mti tu!"

Jukwaa zima likacheka.

Nikasimama. Hapo ndipo ile video inapoanzia. Nilimnyooshea kidole yeye, si wanaume wote wa Kawe, yeye na wenzake. Nikasema kwa sauti yote niliyonayo, "Ndiyo, nimetoka Newala! Mama yangu yuko Newala, bibi yangu yuko Newala! Na uwanjani hapa sitoki!" Video imekata kwenye "ndiyo, nimetoka". Maneno yaliyobaki mmeyapata leo.

Halafu nikatoka. Usicheke. Mwamuzi alikuja akaniambia, "Dada, sheria. Damu ikitoka unakaa nje mpaka ikatike." Nikaenda benchi nikiwa nimeshatangaza kwamba sitoki. Bi Chausiku akanipa maji ya chumvi nisukutue, akanibana pamba, na katika muda wote huo hakuniambia "pole" wala "nyamaza". Aliniuliza kitu kimoja: "Unaona vikapu vingapi pale?" Nikasema kimoja. "Basi ukiwa tayari ingia."

Nilirudi robo ya nne. Tulikuwa nyuma kwa pointi sita. Ester alicheza siku hiyo kama mtu aliyetukanwa yeye. Zikiwa zimebaki sekunde chache tukawa sare, mie nikachezewa faulo, nikapewa mitupo miwili huru. Ule wa kwanza ukagonga chuma ukatoka nje. "Vinyago!" Ule wa pili ukaingia. Tulishinda kwa pointi moja, Mama, na pointi hiyo ni yangu.

Mechi ilipoisha, yule msichana aliyenipiga kiwiko alinifuata, macho yamemjaa machozi. "Pole dada, Wallahi sikukusudia." Nikamwambia najua. Tukashikana mikono. Yeye hana kosa, na naomba pale nyumbani asilaaniwe.

Jumatatu yake nikaitwa ofisini. Ilikuwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mtu mzima, na yule bwana wa michezo alikuwa ameshakaa. Wakaniwekea ile video. Kisha yule bwana akasukuma mbele yangu barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba mimi, Somoe, nimekidhalilisha chuo kwa lugha na mwenendo usiofaa, naomba radhi, na ninajitoa kwenye timu.

"Saini hapo chini," akasema. "Usiposaini, timu nzima haichezi nusu fainali."

Nikamuuliza, "Na aliyenitukana ameandikiwa barua gani?"

"Huyo si mwanafunzi wetu. Hatumjui."

"Mnanijua mimi."

"Ndiyo maana unasaini wewe."

Nitakuambia ukweli: nilishika kalamu. Si kwa kuwa niliiamini ile barua. Niliwafikiria wale wanane, Bunju, mchanga, matenga ya nyanya. Nikaona jina moja linaweza kutoka ili manane yabaki. Nilikuwa nimeshaandika S.

Mlango ukagongwa. Wakaingia bila kukaribishwa, Tatu mbele, Ester nyuma yake, na wengine sita mpaka ofisi ikajaa. Yule bwana akasimama. "Nyie nani amewaita?"

Tatu hakumtazama. Alimgeukia yule mama. "Shikamoo mama. Mimi naitwa Tatu, natoka Temeke. Akitoka Somoe, na mie natoka."

Ester akafuata, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anaongea taratibu. "Mimi Ester, natoka Musoma. Na mimi natoka." Akafuata wa Tanga, akafuata wa Bukoba, akafuata wa Songea. Kila mmoja alisema jina lake na kwao na maneno yale yale, mpaka wakaisha wote wanane. Wa mwisho, yule wa Songea ambaye huwa anaogopa hata kunyoosha mkono darasani, alisema huku anatetemeka, lakini alisema.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, "Kwa hiyo mnataka nini?"

"Kucheza Jumamosi," Tatu akajibu. "Tukiwa tisa."

Ndipo Ester akatoa simu. Shangazi mmoja wa Tatu alikuja hadi Kawe siku ile na alirekodi mechi karibu yote, vigelegele vyake mwenyewe ndani yake. Yule mama aliitazama kwa muda mrefu. Alisikia "vinyago" ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Alisikia ile ya mti. Aliirudisha nyuma akaisikia tena. Kisha akaichukua ile barua yenye S yangu, akaikunja, akamrudishia yule bwana mkononi.

"Watacheza," akasema. "Lakini wewe Somoe utaniandikia maelezo ya kilichotokea."

Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Neno "samahani" halimo.

Sasa usidhani tulitwaa kombe. Nusu fainali tulipigwa, Mama, tulipigwa kabisa, wale wenzetu wanacheza kama wamezaliwa na mpira mkononi. Tukacheza kutafuta mshindi wa tatu, tukapoteza kwa pointi tatu, na moja ya hizo ni kosa langu la kulala. Tumekuwa wa nne. Timu iliyobandikiwa tangazo la kufukuzwa imekuwa ya nne kati ya vyuo vyote vilivyokuja. Jumanne iliyopita ratiba mpya ya uwanja ilibandikwa: wanawake, Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Yule bwana hakutuambia kitu. Na sie hatukumshukuru.

Sasa naomba hapa umwite Mjomba akae karibu.

Mjomba, shikamoo. Sijasahau aliyenipakia kwenye baiskeli kunipeleka kufanya mtihani wa darasa la saba mvua inanyesha. Baba alipofariki wewe ndiye uliyesema huyu mtoto atasoma, na nimesoma. Lakini nakumbuka pia ule mwaka ulipokwenda na mie kupeleka korosho ghalani. Karani alikwambia gunia lako ni pungufu, ukasema rudia kupima, akakwambia wewe Mmakonde wa porini utajua nini kuhusu mizani. Ulikaa juu ya ile mizani, Mjomba. Ulikaa na kofia yako kichwani, foleni yote nyuma yako ikipiga kelele, mpaka meneja akaja, gunia likapimwa upya, na likaonekana limetimia. Njiani kurudi ulikuwa unapiga mluzi. Nilikuwa na miaka minane. Mie nilidhani ndivyo watu wa kwetu wanavyofanya. Sasa leo unaniambia nirudi nyumbani kwa kuwa nilikataa kushuka kwenye mizani?

Kuhusu kaptula, nimelifikiria hilo kwa heshima. Nitavaa suruali ndefu kama ya Tatu, kwa ajili yako, na kwa kuwa nimeijaribu na haizuii kuruka. Hilo nimekupa. La kuacha mpira sitakupa. Masomo yangu hayajashuka, ukitaka nitamwomba mwalimu wangu akuandikie. Na wale waliokuonyesha video pale gengeni, waonyeshe hii barua.

Mama, nakurudia wewe. Jana jioni timu ilikaa kikao kwenye ngazi za hosteli. Tatu anamaliza chuo mwaka huu, anatakiwa nahodha mwingine. Nilijua watamchagua Ester, hata Ester alijua. Tatu akasema, "Wanaomtaka Somoe wanyooshe mikono." Wakanyoosha wote, Ester akanyoosha miwili. Bi Chausiku, ambaye kwenye vikao vyetu huwa hasemi, akaniuliza, "Unakubali, au unataka kwanza kuwauliza nyumbani?"

Sikusema nitawauliza. Nimekubali. Nataka ulisikie hilo kwangu, tena ulisikie nikiwa sijainamisha kichwa.

Nisalimie Dada Zainabu na pacha zake, waambie mama mdogo anakuja na pipi za kutosha kugombaniwa. Nisalimie Shangazi Mwanaidi anayechemsha viazi pori vya ming'oko na kuuza pale stendi, na binamu yangu Rashidi fundi baiskeli, na mwalimu wangu mkuu wa sekondari, yule aliyesemaga msichana mrefu ataishia kuangua maembe tu. Yeye msalimie mara mbili. Wifi zangu wote, na majirani wote walioiona video, na wale ambao hawajaiona.

Mitihani inaisha mwisho wa mwezi ujao. Nitakuja kukaa wiki mbili, nikusaidie shamba, nimkande Bibi goti, na nikae mbele ya Mjomba aseme yote aliyonayo moyoni, nami nitamsikiliza kama mtoto wake. Nimeshakata tiketi za basi. Nimekata mbili: ya kuja, na ya kurudi.

Mwanao akupendaye,
Somoe